Juba na Wasafiri Wake wa Magongo

Februari 1863 kundi la watu waliochakaa kwa safari liliingia Gondokoro, kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Nile, karibu na mahali ulipo leo mji wa Juba. Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walikuwa wameondoka Unguja mwaka 1860. Pamoja nao alikuwapo mkalimani wao, Sidi Mubarak Bombay, na Wangwana wenzake waliosalia, wapagazi na walinzi waliokibeba Kiswahili kwa miguu kutoka pwani hadi huku. Msafiri Mwingereza Samuel Baker na mwenziwe Florence, waliokuwa wamepanda mto kutoka Khartoum, ndio waliowapokea.

Vitabu vya historia humkumbuka Speke kwa chanzo cha Nile. Grant huachwa kando, na kisa ni mguu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejeruhiwa vibaya tangu mapigano ya Lucknow, India, mwaka 1857. Kisha huko Karagwe, nyumbani kwa Mfalme Rumanika, mguu wake ukavimba na kutunga kidonda hata asiweze kusimama. Speke akamwacha, akaenda zake Buganda. Ilipita miezi kabla Grant hajamfuata, na alipomfuata alibebwa kwa machela. Julai 1862, Speke alipoyaona maporomoko ambako mto unatoka Ziwa Viktoria, mwenzake hakuwapo. Alikuwa ametangulizwa Bunyoro. Wako wanaosema mguu ndio uliosababisha, wako wanaosema Speke hakutaka kugawana sifa. Grant alirudi kwao akaandika kitabu, kikatoka mwaka 1864, na jina la kitabu hicho linatangaza matembezi ya kuikatiza Afrika. Waliombeba mabegani hawakuulizwa lingefaa jina gani.

Hapo pana jambo ambalo limejirudia katika kona hii ya Nile kwa miaka zaidi ya 160. Mtu asiyeweza kutembea alifika kwa mikono ya watu wengine. Gati, barabara, hoteli na uwanja wa ndege vilikuja baadaye, na karibu kila kimoja kilijengwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu miwili na macho mawili, ilhali wageni wenyewe mara nyingi hawakuwa hivyo.

Mwaka 1878 mkoa wa Ekwatoria, uliokuwa chini ya Misri, ulipata gavana mpya. Alizaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, daktari Mjerumani, lakini dunia ilimjua kama Emin Pasha. Makao yake yalikuwa Lado, ukingo wa magharibi, kaskazini kidogo mwa Juba ya leo. Emin alikuwa na macho dhaifu mno. Alikuwa mtu wa miwani, madaftari na ndege aliowakausha na kuwapeleka kwenye makumbusho ya Ulaya. Kwa miaka aliyotawala, udhaifu huo haukumzuia kuendesha mkoa, kutibu wagonjwa wala kuhesabu manyoya. Mkosi ulimngoja pwani. Tarehe 4 Desemba 1889, baada ya kunusurika vita vya Mahdi, maasi ya askari wake mwenyewe na safari ya miezi minane pamoja na Henry Morton Stanley, alifika Bagamoyo. Usiku huo Wajerumani walimfanyia karamu ghorofani. Emin akainuka mezani, akaelekea kwenye uwazi ambao macho yake hayakuupima sawasawa, akaanguka hadi barabarani. Kichwa kiliumia vibaya, akalazwa hospitali ya Bagamoyo huku msafara ukivuka kwenda Unguja bila yeye. Wasanifu wa majengo wa pwani wangefaa kukijua kisa hiki: gavana aliyeshindikana kwa risasi aliangushwa na ghorofa.

Mgeni wa tatu aliuficha udhaifu wake. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka kwa miguu kutoka Nimule hadi Gondokoro Februari 1910, baada ya kuwinda vifaru weupe katika eneo la Lado. Jicho lake la kushoto lilikuwa limepofuka kutokana na ngumi aliyopigwa akifanya mazoezi ya ndondi alipokuwa Ikulu. Hakusema. Alitembea na miwani ya akiba, akalenga kwa jicho lililobaki, akapanda meli kwenda Khartoum, na umma wa Marekani haukuambiwa hadi mwaka 1917. Rais mstaafu mwenye wabebaji mamia angeweza kuficha hata zaidi ya hapo.

Juba yenyewe ni mji mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 palikuwa na kijiji cha Wabari na shule ya wamisionari wa CMS. Mwishoni mwa muongo huo utawala wa Kiingereza uliamua kuuhamishia hapo mji mkuu wa mkoa kutoka Mongalla, na kijiji kikasogezwa kupisha ramani. Sababu ilikuwa usafiri. Juu kidogo ya Rejaf mto unakutana na mawe na maji ya kasi, meli haziwezi kuendelea. Kwa hiyo Juba ikawa mahali ambapo msafiri anashuka majini na kupanda gari. Kutoka Kosti, kusini mwa Khartoum, meli za gurudumu la nyuma zilizofungiwa matishari ubavuni zilisafiri zaidi ya kilomita 1,400 kupitia kinamasi cha Sudd. Abiria alishuka Juba, akaenda kwa barabara hadi Nimule, kisha akapanda meli nyingine kuelekea Ziwa Alberti na Uganda.

Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya anga kutoka London hadi Mwanza, na Juba ikawa kituo. Kati ya Khartoum na Ziwa Viktoria zilitumika ndege za kutua majini aina ya Short Calcutta. Mtu aliyewahi kupanda mashua inayoyumba ili aingie kwenye chombo kingine kinachoyumba zaidi anaweza kukisia safari hiyo ilimtaka abiria awe na mwili wa namna gani. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town. Hoteli ya Juba ilijengwa kwa ajili ya abiria hao wa meli na ndege. Nyumba za serikali za enzi hiyo hazikuwa na ghorofa, jambo ambalo mtu wa magongo angelishukuru, ila zilinyanyuliwa juu ya misingi ili kukwepa maji na mchwa, na kila baraza lilikuwa na vidato vyake.

Wenyeji hawakuhesabiwa kuwa wasafiri wa aina hiyo. Sheria ya mwaka 1922 iliifanya Sudan ya Kusini kuwa wilaya zilizofungwa. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Katika nchi hiyo hiyo usubi unaozaliana kwenye maji ya kasi ulikuwa ukiwapofusha watu wa kandokando ya mito, na njia ya kipofu kwenda sokoni ilikuwa fimbo moja yenye watu wawili: mtoto ameshika mwisho wa mbele, mzee ameshika wa nyuma. Njia hiyo bado inaonekana. Rejaf, kusini kidogo mwa Juba, baadaye ilipata shule ya wasioona, na watoto wa huko walifundishwa kuishika fimbo peke yao.

Vita ndivyo vilivyoligeuza jambo hili kuwa la watu wengi.

Vita vya pili vilianza Bor, Mei 1983. Ndani ya miaka michache Juba ilikuwa mji wa kambi: jeshi la Khartoum ndani, waasi wa SPLA nje, na mabomu ya kutegwa ardhini katikati. Daraja la Nile lililojengwa miaka ya 1970, baada ya amani ya Addis Ababa ya mwaka 1972, halikuwa tena njia ya kwenda popote salama. Juni na Julai 1992 SPLA iliushambulia mji ikakaribia kuuteka. Aliyetaka kutoka alihitaji ndege, na ndege zilielekea kaskazini.

Kwa hiyo mtu aliyekatika mguu alikuwa na njia mbili, kutegemea alikatikia upande gani wa mstari wa mbele. Aliyekuwa katika miji ya serikali alitazama Khartoum, ambako kulikuwa na karakana ya taifa ya viungo bandia iliyosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC. Aliyekuwa porini kwa SPLA alitazama Kenya. Mwaka 1987 ICRC ilifungua hospitali ya upasuaji wa vita huko Lopiding, Lokichoggio, kaskazini mwa Turkana, karibu na mpaka. Ndege ndogo ziliokota majeruhi kwenye viwanja vya udongo ndani ya Sudan na kuwashusha Lokichoggio. Pembeni mwa wodi palikuwa na karakana ya miguu ya bandia. Hospitali hiyo ilifanya kazi hadi mwaka 2006 ilipokabidhiwa kwa serikali ya Kenya.

Lopiding ni sura inayopaswa kuandikwa kwa wino mzito katika historia ya safari za watu wenye ulemavu Afrika Mashariki. Kwa karibu miaka 20, mji mdogo wa Turkana wenye joto kali ulikuwa mahali ambapo mtu wa Bahr el Ghazal, wa Upper Nile au wa Ekwatoria alifika akiwa mzigo juu ya machela na kuondoka akisimama. Wengi hawakurudi moja kwa moja. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, ilikuwa kwenye barabara ya Lokichoggio, na wengine walibaki huko wakasoma, wakaoa, wakazoea ugali na Kiswahili. Amani ilipotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, sehemu ya watu waliorudi Juba walirudi na magongo, na pamoja na magongo walikuja na Kiswahili cha Turkana ambacho hadi leo husikika kwenye vibanda vya chai.

Mji waliourudia ulikuwa umesimama tangu 1983. Lami ilikuwa vipande vichache katikati ya mji. Vingine vyote vilikuwa vumbi kiangazi na matope masika. Wageni wa mashirika walimiminika kabla nyumba za kuwalaza hazijajengwa, basi zikatokea hoteli za mahema kandokando ya Nile na hoteli za makontena, zilizotoza bei za miji mikubwa. Kontena huwekwa juu ya matofali. Kufika kitandani kulihitaji vidato viwili vitatu vya chuma, mlango ulikuwa mwembamba, na bafu la mahema lilikuwa mwisho wa njia ya changarawe. Hakuna aliyekusudia kumfungia nje mtu wa kiti cha magurudumu. Hakuna aliyemfikiria tu, na matokeo yalikuwa yale yale.

Kisha ikaja lami. Kuanzia mwaka 2006 barabara za mji zilianza kuwekwa lami, na Septemba 2012 barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ikakamilika kwa fedha za Marekani. Wafanyabiashara wa Uganda na Kenya wakaijaza. Lakini lami ya Juba ilikuja pamoja na mitaro. Kila upande wa barabara kukachimbwa mfereji wa maji ya mvua, mara nyingi wazi, na mbele ya kila duka mwenye duka akaweka ubao au bamba la zege la kuvukia, kwa upana aliopenda mwenyewe. Kwa mtu anayeona na kuruka, mtaro ni kero ndogo. Kwa mwenye fimbo nyeupe ni shimo lisilotangulizwa na alama, na kwa mwenye kiti ni mpaka: atapita katikati ya barabara pamoja na malori, au atangoja mtu wa kumnyanyua. Barabara ya udongo ya zamani, kwa ubaya wake wote, haikuwa na ukingo.

Usafiri wa mji ulikuwa boda boda. Vijana wa Uganda waliuanzisha kwa wingi baada ya amani, hadi mwaka 2013 serikali ilipowapiga marufuku wageni kuendesha na kazi ikabaki kwa vijana wa nchi. Boda boda ni chombo cha ajabu kwa mtu mwenye ulemavu: hakuna mahali pa kiti, hakuna pa kuegemea, lakini humchukua mtu mlangoni kwake na kumshusha mlangoni anakokwenda, na dereva huwa na mikono. Abiria wa mguu mmoja huketi, magongo huyalaza mapajani au dereva huyabana mbele yake, safari inaanza. Raksha za magurudumu matatu zilipoongezeka ikawa nafuu zaidi. Sakafu iko chini, pana nafasi ya kukunja kiti, na mtu wa kumsindikiza mgonjwa anaweza kuketi kando. Katika matatu, kama ilivyo Nairobi na Kampala, kiti cha magurudumu ni mzigo wa kujadiliwa bei.

Na wasafiri walikuwa wanakuja. Watalii walikuwa wachache, lakini walikuja watu waliohitaji mguu.

Baada ya ICRC kuikabidhi Lopiding ilibidi kazi ihamie nyumbani. Juba ikapata kituo cha rufaa cha utengamao, chini ya wizara inayoshughulikia jinsia na ustawi wa jamii, kwa msaada wa ICRC. Vituo vingine vya namna hiyo vikawa Rumbek na Wau. Kwa nchi kubwa kuliko Kenya, hivyo ni vichache. Mtu wa kijiji cha mbali hawezi kufika kwa barabara miezi ya mvua, kwa hiyo wapo wanaoletwa kwa ndege na kulazwa Juba hadi kazi ikamilike.

Mguu wa bandia hauchukuliwi dukani. Fundi hufunga kigutu kwa plasta, akatengeneza umbo, akalichonga. Kisha karatasi nene ya plastiki aina ya polipropilini hupashwa moto kwenye tanuri hadi iwe laini na kuvutwa juu ya umbo hilo. Teknolojia hiyo ICRC iliiendeleza kwa sababu plastiki ni rahisi, ni nyepesi na haiozi kwenye unyevu. Halafu huja siku za kusimama katikati ya vyuma viwili sambamba, kujifunza uzito, kurekebisha pembe ya kifundo, kulia kidogo na kucheka zaidi. Kisha mtu anarudi kwao. Ila mguu huchakaa. Mtoto hukua na kuuacha. Mtu mzima huumaliza baada ya miaka michache, hasa akilima. Lazima arudi Juba. Ukitazama hivyo, mgeni mwaminifu kuliko wote wa mji huu si mfanyabiashara wala mtu wa shirika. Ni mkulima anayekuja kubadilishiwa mguu, na safari yake haiwezi kuahirishwa daima.

Nyuma ya karakana za namna hii kuna mji mwingine wa Kiswahili. Chuo cha mafundi wa viungo bandia cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimefundisha mafundi wa nchi nyingi za Afrika. Wasudani Kusini nao wamepitia huko. Mengi yanayosemwa juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016, ni hotuba. Goti la plastiki lililochongwa na fundi aliyesomea chini ya Kilimanjaro linaweza kushikwa mkononi.

Macho pia yana wasafiri wake. Kliniki ya macho ya Buluk, katikati ya Juba, inayosaidiwa na shirika la CBM, hupokea watu wenye mtoto wa jicho kutoka majimbo mengine. Wanafika wameshikwa mkono, wanatolewa bandeji, wanarudi wakitafuta njia wenyewe. Emin Pasha angelipanga foleni.

Wasioweza kupata mguu, au walioathiriwa na polio, hutumia baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Chombo hiki kina historia nzuri katika kanda. Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, watu wenye ulemavu waliifanya kuwa gari la mizigo na kuvusha bidhaa kati ya nchi mbili. Kinshasa walikwenda mbali zaidi: walipewa nafuu ya nauli na ushuru kwenye feri ya Brazzaville, wakajenga biashara nzima ya kuvuka Mto Kongo, na baiskeli zao zikawa ndefu na pana kama mikokoteni. Maana yake ni kwamba mahali penye njia tambarare na sheria kidogo ya kusaidia, mtu wa baiskeli hii hageuki kuwa ombaomba, anakuwa mchukuzi. Juba mto upo, mpaka uko karibu na biashara imejaa, lakini njia tambarare ndiyo haba. Baiskeli inayokwama kwenye mchanga wa mtaa wa Gudele au matope ya mtaa wa Munuki haiwezi kushindana na pikipiki.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Julai 2011, na pamoja nao maandishi mazuri. Katiba ya mpito ya mwaka huo, ibara ya 30, inazitaka ngazi zote za serikali kuwahakikishia watu wenye mahitaji maalumu ushiriki katika jamii, pamoja na kufikia huduma za umma. Ibara ya 6 inaitaka dola iendeleze lugha ya alama. Novemba mwaka huo huo nchi iliingia mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini ya kuua watu, na mwaka 2013 ikatoka sera ya taifa ya ulemavu na ujumuishi. Wino wa sera hiyo haukuwa na umri mkubwa tarehe 15 Desemba 2013 ilipofika na bunduki zikalia Juba.

Vita vya 2013 na vya Julai 2016 vilionyesha upande mwingine wa kusafiri. Asiyeweza kukimbia hubaki. Shirika la Human Rights Watch lilikusanya mwaka 2017 ushuhuda wa watu wenye ulemavu na wazee walioachwa nyumbani wengine walipotoroka, na wa waliofika kwenye kambi za Umoja wa Mataifa wakakuta vyoo visivyofikika na foleni za chakula wasizoziweza. Wengi walionusurika walinusurika kwa njia ile ile ya Grant. Mtu aliwabeba.

Uwanja wa ndege wa Juba unastahili aya yake. Jengo la zamani lilizidiwa, jengo jipya lilichelewa kwa miaka, na katikati abiria walihudumiwa ndani ya mahema yenye sakafu ya mbao, joto na msongamano. Wasafiri duniani waliupigia kura mara kwa mara kuwa miongoni mwa viwanja vibaya kuliko vyote. Jengo jipya lilianza kutumika mwaka 2018. Hata hivyo ndege husimama uwanjani na abiria hushuka kwa ngazi. Mwenye kiti cha magurudumu huteremshwa na watu wawili au wanne, na usalama wake hutegemea kama watu hao wamewahi kufundishwa kumbeba mtu au wamezoea masanduku tu. Msafiri mwenye busara huiarifu kampuni ya ndege siku kadhaa mapema, huandamana na kiti chake hadi mlangoni pa ndege, na huwaeleza wabebaji pa kushika kabla hawajashika.

Mei 2022 lilifunguliwa Daraja la Uhuru, mita 560, kwa msaada wa Japani, baada ya ujenzi kusimama mara mbili kwa sababu ya vita. Lile la miaka ya 1970 lilikuwa jembamba, la chuma, na mtembea kwa miguu alipita akihesabu malori. Jipya ni pana na tambarare. Ni moja ya sehemu chache ambako mtu anaweza kuzungusha magurudumu yake mwenyewe kutoka ukingo hadi ukingo bila kumwomba mtu. Shida huanza daraja linapokwisha.

Mji una sehemu nyingine tambarare, uwanja wa mpira wa kikapu, nayo imewaleta wageni wa aina mpya. Sudan Kusini ni nchi ya mpira wa kikapu, na katika miaka ya 2010 ICRC ilianza kuwafundisha watu wenye ulemavu wa Juba kuucheza kwa viti. Miongoni mwa waliokuja kufundisha ni Jess Markt, Mmarekani aliyepooza katika ajali ya gari akiwa kijana na ambaye kabla ya hapo alikuwa amefundisha timu za Afghanistan. Kwa hiyo mgeni mwenye kiti cha magurudumu aliingia Juba, akapita uwanja wa ndege ule ule na mitaro ile ile, akaenda kazini. Waliomngoja uwanjani walikuwa watu wa polio, wa risasi na wa mabomu, baadhi yao waliopigania pande zisizopatana.

Kiti cha mpira wa kikapu hakifai barabarani. Magurudumu yake yamelazwa ili kigeuke haraka na kisipinduke, na upana huo hauingii kwenye mlango wa kawaida wala kwenye ubao wa kuvukia mtaro. Mchezaji wa Juba anahitaji kwa hiyo vyombo viwili: baiskeli ya mkono, magongo au raksha ya kumtoa nyumbani, na kiti cha kuchezea kinachomsubiri uwanjani. Kwenye mvua za Mei hadi Oktoba cha kwanza ndicho kinachoamua kama mazoezi yatakuwapo.